Mama Anastasie Wabiwa, Aliyepita na Jani Mdomoni

Ndugu wa Lubondja, wa Fizi na wa hapa Baraka, Wakristo kwa Waislamu, leo Alhamisi tarehe 16 Julai 1959 tumekutana kumsindikiza Mama Anastasie Wabiwa. Karatasi hii imepigwa kwa mashine ya misheni na Albert, mwalimu wa shule ya Fizi, mtoto wa mdogo wake marehemu. Yeye ndiye aliyelelewa naye, na yeye ndiye anayeisoma. Sauti yake ikikatika, mvumilieni. Mama huyu alikuwa na subira kubwa na watu wa kukatika sauti.

Mama Anastasie alizaliwa Lubondja. Kitabu cha sensa kinasema ni mwaka 1902. Mwenyewe alikibishia kitabu hicho maisha yake yote, akisema karani alimtazama usoni tu akaandika alichopenda, na kwamba siku hiyo alikuwa ametoka shambani amechoka, ndiyo maana akapewa miaka isiyo yake. Linalojulikana kwa hakika ni kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna karanga, akiwa mtoto wa kwanza wa mama yake, Bitondo. Nyuma yake walikuja Bonaventure, ambaye yuko hapa mbele yenu, na Marie, kitinda mimba. Baba yao alikuwa mwindaji na alifariki mapema, kwa hiyo nyumba ile ilijulikana kwa jina la mama, na mama alijulikana kwa mikono yake. Bitondo alikuwa mganga. Alizalisha wanawake, na alitibu watoto homa na tumbo, kama mama yake alivyofanya, na bibi yake kabla ya hapo. Wanawake hao hatuna picha zao, lakini wengi mliokaa hapa mlipita mikononi mwao.

Kuhusu masomo, marehemu hakukaa kwenye benchi la shule hata siku moja. Shule yake ilikuwa pua. Bitondo alimfunga macho kwa kitambaa, akamsogezea majani na mizizi, mmoja mmoja, naye akataja jina na kazi yake. Siku moja Bonaventure, aliyekuwa mtundu kuliko mnavyomwona leo, alipenyeza mavi ya mbuzi katikati ya majani. Msichana akanusa, akafikiri kidogo, akasema, “Hii ni dawa ya Bonaventure. Inaponyesha ujinga.” Bitondo alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba Bonaventure ametoa ruhusa hadithi hii isomwe, ingawa si kwa furaha.

Katika shule hiyo kulikuwa na sheria mbili, na lazima zielezwe, maana maisha yake yote yalizunguka hapo. Sheria ya kwanza: mganga akishachimba dawa ya mgonjwa, kinywa chake hufungwa mpaka afike kwa mgonjwa huyo. Huweka jani bichi kati ya midomo ili watu wamwone kwa mbali. Hasalimii, haitikii. Bitondo alisema dawa husikia majina. Ukimsalimia mtu njiani, dawa inamfuata yeye na kumwacha anayeumwa. Akikosea akatamka neno, anamwaga kila kitu na kurudi kuchimba upya. Sheria ya pili ilihusu mzizi mmoja tu, ule wa kuzuia damu kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa. Mzizi huo mama alimwonyesha binti wa tumbo lake peke yake, wakiwa wamesimama mahali unapoota, siku mama atakapohisi kwamba mwisho wake umekaribia. Si kabla.

Mwaka 1921 aliolewa na Casimir Wilondja, mvuvi wa ndagala wa hapa Baraka, akashuka kutoka milimani kuja ziwani. Aliogopa maji kwa mwaka mzima. Walipata watoto watatu: Jacques, Anatole na Pulchérie, binti yao wa pekee, ambaye surua ilimchukua mwaka 1929 akiwa na miaka mitatu. Mzee Casimir alizoea kuwatania rafiki zake kwamba yeye ndiye mume mwenye bahati kuliko wote pwani hii, kwa kuwa mke wake alikuwa na siku za kunyamaza zilizoamriwa na mababu. Lakini jani lile lilipochelewa kutoka mdomoni mwa mke wake, ni yeye aliyesimama mlangoni akitazama njia.

Bitondo alifariki mwezi Novemba 1931. Mto uliofurika ulimchukua akivuka kwenda kwa mgonjwa. Alikuwa na nguvu zake, hakuhisi mwisho wowote, na binti yake alikuwa huku Baraka akianika ndagala. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mzizi wa damu ulikwenda na Bitondo.

Tarehe 3 Mei 1934, Marie alijifungua mtoto wa kiume kule Lubondja. Dada yake alikuwa amepanda mlima siku nzima ili amzalishe. Mtoto alitoka vizuri, adhuhuri, akilia. Damu haikusimama. Wabiwa alifanya yote aliyofundishwa, alikanda tumbo la mdogo wake mpaka mikono ikamfa ganzi. Marie akamwuliza dada yake mkubwa, kwa sauti ya mtu anayeuliza kibuyu kimewekwa wapi, “Yaya, ile muzizi ya mama iko wapi?”

“Sijue, mudogo wangu,” akamjibu. “Mama hakunionesha.”

Marie alikufa kabla jua halijashuka. Mtoto yule aliishi, na ndiye anayewasomea karatasi hii. Hakuwahi kukosa mama. Lakini mama mkubwa alimwambia mara moja tu, akiwa kijana, kwamba hakuna siku aliyomwogesha utotoni bila kusikia lile swali.

Baada ya mazishi hayo aliutafuta mzizi ule miaka mitatu. Alichimba, akatafuna, akatapika, akalala na kizunguzungu, akachimba tena. Watu walimwonea huruma, wengine wakasema ameharibika kichwa. Kilichomsaidia hatimaye ni kikapu cha zamani cha mama yake, ambacho Bonaventure alikuwa akiwekea mbegu za mahindi. Mwaka 1937, akiwa nyumbani kwa kaka yake, aliinua kikapu hicho kumwaga mbegu akanusa chini yake. Akafumba macho. Halafu akatoka nacho, mbegu zimetapakaa sakafuni, akaenda kilimani akinusa kikapu, akinusa ardhi, mpaka kwenye kichuguu kimoja nyuma ya shamba la zamani, upande ule ambao Bitondo alikuwa akiwakataza watoto kuokota kuni. Mjomba anasema alimkuta pale amekaa chini, mzizi mkononi, analia na kucheka. Miche kadhaa aliipeleka Baraka akaipanda kwa siri kwenye kichuguu juu ya kilima. Tangu hapo hakuna aliyekuja kuwahesabu wanawake waliobaki hai.

Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1941, akapewa jina la Anastasie. Katekista mmoja alikuwa amemzuia kwa sababu ya dawa zake. Padri akamwita amwulize mwenyewe kama huwaita mizimu. “Padri,” akasema, “mi naita bamama ya mugonjwa, balete maji ya moto. Mizimu haichotake maji.” Padri akamwandika.

Sasa tufike kwenye ile miaka ambayo wengi mnaikumbuka. Mwaka 1952 alikuja muuguzi mpya katika dispensari ya kando ya ziwa, Placide, mtu wa Kasongo, kijana msafi mwenye kalamu mfukoni, anayependa heshima. Alikutana na marehemu njiani mara tatu. Mara tatu alimsalimia, na mara tatu mwanamke yule akampita na jani mdomoni kama anayepita kisiki. Kwao Kasongo desturi hiyo haikuwepo. Bwana Placide, ambaye yuko hapa na ameomba jambo hili lisifichwe, aliona amedharauliwa mbele ya wagonjwa wake, na watu wenye ndimi ndefu wakamwongezea kwamba mama huyo ni mchawi. Akaandika barua.

Mwezi Machi 1953 polisi alitumwa kumleta barazani Fizi. Alimkuta akishuka kilimani na kikapu, jani mdomoni, anakwenda kwa Saumu, mke wa Idi, aliyekuwa katika uchungu. Polisi akamwamuru aseme jina lake. Kimya. Akamwamuru asimame. Hakusimama. Polisi, kwa kukosa la kufanya, akamfuata nyuma mpaka kwenye nyumba ya Idi, akakaa nje kwenye kinu. Saumu alipokwisha kujifungua salama, marehemu alitoka, ananawa mikono, uso umechangamka. “Karibu, mwanangu. Habari ya safari? Ulishakula? Saumu iko na wali, bakupatie kwanza. Sasa unaweza kunifunga.” Polisi alikula, na hakumfunga. Waliongozana mpaka Fizi wakizungumza habari za mke wake, aliyekuwa na mimba ya miezi saba.

Barazani alimgeukia Placide mwenyewe. “Baba, mi sikukuzarau. Nilikuwa na dawa mu mukono. Kama nilikusalimia, dawa ingekufwata we, na we haukuwa mugonjwa. Njo nikakupita.” Watu wakacheka. Mashitaka yakafutwa kwa kukosa msingi. Bwana Placide alirudi Baraka amekasirika zaidi, maana kusamehewa na mtu uliyemshitaki ni jambo zito kumeza.

Ila yeye marehemu hakuwa na kinyongo. Alimpelekea watoto wenye buba, akiwaambia mama zao waziwazi kwamba hapo sindano ya Placide inashinda majani yake yote. Placide aliwapokea bila kuuliza nani kawatuma, ingawa alijua.

Jumatano tarehe 10 Novemba 1954, saa sita za mchana, Adolphine, mke wa Placide, alijifungua, na damu ikakataa kusimama. Dawa ya sindano iliyohitajika ilikuwa imekwisha. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya Fizi. Placide alikimbia mwenyewe, koti lake jeupe likiwa na damu, mpaka mlangoni pa mwanamke aliyemwandikia barua. Marehemu alimsikiliza, akasema neno moja, “Nakuya,” akachukua kikapu na kupanda kilima. Placide alimngoja chini ya njia. Alipomwona anashuka alimkimbilia akilia, “Mama, atapona? Uniambie, atapona?” Mama akampita. Jani lilikuwa mdomoni. Bwana Placide anasema hapo ndipo alipoelewa. Alisogea pembeni ya njia, akaziba kinywa chake kwa mkono, akamfuata.

Adolphine alipona, na mtoto wake huyo hapo amekaa mapajani mwake. Baadaye Placide aliuliza ni nini kilichomponya, mzizi au yale ambayo mikono yake ilifanya tumboni. “Yote mbili,” akajibu marehemu, “na Mungu akiitika.” Placide akamwomba amwonyeshe mzizi ule, uandikwe, usipotee. Akakataa. Alisema ana sheria, na hana binti.

Januari 1955 alianguka kwenye kijito kilichojaa, akitoka kwa mgonjwa. Mguu ulinasa kati ya mawe, maji yakimfika kifuani, na alikaa hivyo mpaka wavuvi wakamtoa. Aliporudi nyumbani alimwambia mzee Casimir kwamba kule majini hakuona maisha yake yakipita wala malaika. Aliona kichuguu, na mzizi umekaa pale peke yake, na mwanamke fulani anauliza uko wapi.

Ndipo akaamua. Aliwachagua wanawake watatu: Suzanne, mke wa mwanawe Jacques, Rehema binti Uledi, Mwislamu wa hapa ufukoni, dada yake Saumu, na Adolphine, mgeni wa Kasongo. Habari ilifika Lubondja. Mjomba Bonaventure akashuka na fimbo yake, na maneno yaliyosemwa uani siku hiyo Albert aliyasikia kwa masikio yake.

“Yaya, unauzisha mama yetu? Dawa ya ukoo unaipatia bageni? Hata bantu ya Kasongo?”

“Bona, mi sina binti. Pulchérie alienda.”

“Basi ifwe na we! Sheria ni sheria.”

“Sheria njo iliua Marie,” akasema. Hakupaza sauti. “Mama alifwata sheria vizuri sana. Mi nilikuwa pale, we hapana. Damu ya mwanamuke ikimwangika, haiulizake ukoo.”

Mjomba aliondoka bila kunywa maji. Alisema hatakanyaga tena ua ule, na mtu wa Lubondja akisema, amesema. Hilo lilimuuma marehemu kuliko baraza la Fizi. Aliomba kwa ajili yake kila Jumapili, na mara nyingine, kusema kweli, alimnung’unikia Mungu juu yake.

Jumamosi tarehe 6 Agosti 1955, jua likiwa juu, aliwapandisha wale watatu mpaka kwenye kichuguu akawaonyesha. Hakungoja kuhisi mwisho. Kisha akawafundisha kama alivyofundishwa, macho yamefungwa, pua inasoma. Adolphine alikosea sana mwanzoni, Suzanne alicheka sana, na Rehema hakukosea hata mara moja. Kwa miaka minne wanawake hao wamepita njia zetu na jani mdomoni, na tumezoea kuwapisha. Bwana Placide pia ameandika katika daftari lake kila alichoruhusiwa.

Kuanzia Septemba 1958 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, na pumzi ikawa fupi. Placide alimchoma sindano na kumpeleka hospitali mara mbili, ambako waliona moyo umechoka. Rehema naye alimchemshia yale majani machungu ya mubirizi. Alipoyaonja alikunja uso wote. “Kumbe iko chungu hivi! Nilitesa batoto ya bantu miaka yote!” Akayamaliza lakini. Jumatatu wiki hii aliwaita wanafunzi wake watatu, akawauliza kama wanapajua mahali pale.

“Tunapajua, mama.”

“Hata macho ikifungwa?”

“Hata macho ikifungwa,” akajibu Rehema.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Julai 1959, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa mzee Casimir. Habari ilipofika Lubondja, mjomba Bonaventure hakungoja chakula. Aliingia katika ua huu jana, kwa mara ya kwanza tangu aondoke na fimbo yake, akakaa kwenye mkeka.

Marehemu ameacha mume wake Casimir Wilondja; wana wake Jacques na Anatole; Albert, mtoto wa mdogo wake; kaka yake Bonaventure; mkwe wake Suzanne; wajukuu sita; wanafunzi wake watatu; na watoto wa watu, ambao idadi yao yeye aliijua kuliko karani wa sensa.

Maneno yafuatayo hayamo katika karatasi mlizogawiwa. Yameandikwa kwa penseli asubuhi hii.

Leo, vijana wakiwa bado wanachimba kaburi, wengi walikuwa wakinong’ona kwamba Rehema haonekani msibani. Mara akatokea juu ya njia ya kilima, kikapu kimefunikwa, jani mdomoni. Njia hiyo inapita katikati ya mikeka. Mama mmoja mgeni akasema kwa sauti, “Na huyu je? Hata pole haiko?” Kabla mtu hajajibu, mjomba Bonaventure alisimama. Aliinua mkeka wake mwenyewe akautoa njiani.

“Mutoke mu njia,” akasema. “Musimusalimie. Iko na dawa ya mama yangu.”

Tulisimama wote. Rehema alipita kando ya jeneza la mwalimu wake bila kugeuza kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye jani, na jani halikuanguka.

Amerudi muda mfupi uliopita, kinywa wazi, akatusalimia mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo, akianza na mjomba. Akasema, “Poleni na msiba. Mama na mutoto bako bazima.” Ndipo alipojitupa chini akamlilia mwalimu wake, naye mjomba akalia pamoja naye.

Mama mkubwa, umetupita bila kutuaga, na hatukukasirika. Ulitufundisha kwamba ukinyamaza hivi, uko na dawa mkononi na kuna mtu atakayepona. Tumetoka njiani. Nenda, upumzike kwa amani.